Maswali na majibu: Kuunda bunduki ya kuwindia kipande kwa kipande

Msimu wa kulungu unakaribia, na ndugu zetu walioko Marekani wameniandikia kwa wingi. Wengi wamechoka na bunduki ya dukani, wanataka kununua kila kipande wenyewe na kuunda ya kwao. Majibu ya leo yanahusu bunduki ya bolti tu, ile ambayo ukishapiga unainua mkono wa bolti, unavuta, unasukuma, ndipo risasi nyingine iingie. Wapenzi wa aina nyingine mtanisamehe.

Nina dola 1,800. Nimeshanunua kitako kizuri mtandaoni kwa sababu kilikuwa na punguzo. Nifuatie na nini? (Mwindaji mpya, Fort Worth)

Kaka, umeanza na kitu cha mwisho. Kitako huchongwa kufuata umbo la resiva, yaani kile chuma cha katikati kinachobeba bolti na kushika mtutu. Matundu ya skrubu mbili, nafasi ya magazini, kishimo kinachopokea bamba la teke (teke ni ule msukumo wa bunduki kurudi nyuma ikipigwa): vyote vinatakiwa vikutane sawasawa. Kwa hiyo angalia kwanza kitako hicho kilitengenezwa kwa umbo gani. Ikiwa ni umbo la Remington 700, una bahati. Bunduki hiyo ilitoka mwaka 1962, na leo watengenezaji wengi wa vitako, triga na mitutu huifuata hata kama jina kwenye chuma ni jingine. Bergara B-14, kwa mfano, inakaa kwenye kitako cha 700. Tikka T3x na Howa 1500 hazikai. Kila moja ina umbo lake. Halafu kuna resiva fupi na ndefu: risasi za .308 Winchester na 6.5 Creedmoor zinatumia fupi, za .30-06 zinataka ndefu.

Kisheria, resiva ndiyo bunduki yenyewe, na ndiyo yenye namba. Utaipokea kwa muuzaji mwenye leseni, utajaza fomu 4473 ya serikali kuu ya kununulia silaha, utachunguzwa, na lazima uwe umetimiza miaka 21, maana resiva tupu haihesabiwi kama bunduki ndefu iliyokamilika. Kwa sheria za serikali kuu, mtutu, kitako, triga na darubini huletwa mlangoni kama mzigo mwingine wowote. Baadhi ya majimbo yana masharti yao juu ya hayo, kwa hiyo soma ya kwako kabla hujalipa.

Kuhusu hizo dola 1,800: tenga theluthi nzima kwa darubini na vishikizo vyake. Najua inauma. Lakini nimewaona watu wengi mno wenye mtutu wa dola 900 chini ya darubini ya dola 80, na wote wanalalamikia mtutu.

Niko hapa kwa viza ya mwanafunzi. Rafiki zangu wananiambia Texas haihitaji leseni kuwinda nguruwe pori, basi naweza kujiundia bunduki yangu? (Mwanafunzi, Houston)

Hapo ndipo penye mtego, mdogo wangu. Ni kweli kwamba tangu 2019 Texas haidai leseni ya kuwinda nguruwe pori kwenye ardhi binafsi, mradi mwenye ardhi amekubali. Lakini sheria ya serikali kuu inawakataza wengi wa wenye viza za muda kumiliki au hata kushika bunduki, na mlango mmoja mkubwa wa kutokea kwenye katazo hilo ni kuwa na leseni halali ya uwindaji iliyotolewa Marekani. Kwa hiyo nguruwe hakuhitaji leseni, wewe unaihitaji. Ikate kabla hujagusa chochote, hata bunduki ya kuazima kwenye uwanja wa shabaha, na muulize mwanasheria wa uhamiaji. Ada ya mwanasheria ni ndogo kuliko kupoteza viza. Mwenye kadi ya kijani hayumo kwenye katazo hili.

6.5 Creedmoor au .308? Na mtutu uwe mrefu kiasi gani? Kila mtu ana lake. (Mzee wa Phoenix)

Shikamoo mzee. Kwa kulungu wa umbali wa mita 200, mnyama hatajua tofauti. Bega lako litajua. .308 ni ya mwaka 1952, risasi zake zinapatikana hata duka la kijijini, na mtutu wake unadumu muda mrefu sana. 6.5 Creedmoor ililetwa na Hornady mwaka 2007 kwa ajili ya walenga shabaha; risasi yake ni nyembamba na ndefu, inakata upepo vizuri, na teke lake ni dogo. Kama wajukuu nao watapiga, mimi ningechukua hiyo.

Ukishachagua kaliba, tazama mzunguko wa mifuo, ile mistari iliyochongwa ndani ya mtutu ili kuizungusha risasi, jambo ambalo wengi wanalipita. Risasi ndefu inahitaji kuzungushwa haraka zaidi ili isiyumbe hewani. Kwa 6.5 Creedmoor, mzunguko mmoja kila inchi 8 ndio wa kawaida, kwa sababu wengi hutumia risasi za greni 140 (greni ni kipimo cha uzito wa risasi) au karibu na hapo. Kwa .308 yenye risasi za greni 150 hadi 180, inchi 10 inatosha. Mtutu wenye mzunguko wa polepole kuliko inavyotakiwa hauwezi kurekebishwa na darubini wala maombi. Risasi itafika kwenye karatasi kiubavu, na utaliona tundu limekaa kama la funguo.

Urefu: inchi 22, kama sentimita 56, zinakutosha. Kila inchi unayokata unapoteza mwendo kiasi, kwa kawaida futi 20 au 30 kwa sekunde, na kwa mita 200 hilo halina uzito. Bunduki fupi ni rahisi kuingia nayo na kutoka kwenye gari. Unene nao usikutie tamaa. Mtutu mnene unatulia ukipiga risasi ishirini mfululizo. Mwembamba ukishapata moto baada ya nne au tano huanza kutawanya. Lakini mwindaji hupiga moja, akikosea mbili, kisha anatembea. Ya nini kubeba chuma cha mashindano mlimani?

Ombi moja, mzee. Hata ukinunua mtutu uliokwisha chongwa chemba, yaani nafasi ya kukalia risasi, kazi ya kuufunga mpe fundi bunduki mwenye vipimo vya chemba. Nafasi kati ya uso wa bolti na ganda ikizidi, ganda linaweza kupasuka, na moshi wa baruti utarudi usoni kwako.

Mume wangu ameniundia bunduki nzuri lakini kila nikilenga naona duara jeusi kwenye darubini, na bega linaniuma siku mbili. Yeye anasema nitazoea. (Mama wa watatu, Boise)

Dada, hutazoea, na wala usizoee. Bunduki hiyo ameipima kwa mwili wake. Vitako vingi huja na urefu wa inchi 13 na nusu au zaidi kidogo, kutoka triga hadi mwisho wa kitako, kwa mwanamume wa kimo cha kati. Wewe ukiishika, mkono unanyooka kupita kiasi, kichwa kinakaa nyuma mno, na jicho halifikii umbali unaotakiwa na darubini, ambao mara nyingi ni kama sentimita 9. Hilo duara jeusi ndilo linakuambia hivyo.

Jipime hivi. Hakikisha bunduki haina risasi, tazama chemba kwa macho na uiguse kwa kidole. Kunja kiwiko digrii 90, weka kitako kwenye kikunjo cha kiwiko, mkono ushike mahali pake. Kidole kifike kwenye triga bila kujivuta. Sasa simama, fumba macho, panda bunduki begani kama unavyojisikia, kisha fumbua. Ukiona picha nzima ya darubini, umefika. Ukilazimika kunyoosha shingo au kuinua shavu, bado.

Tafuta kitako chenye vipande vya kuongeza na kupunguza nyuma; ukitoa viwili au vitatu, umepunguza inchi nzima. Ongeza mpira mzuri wa kupokea teke, na kama shavu halipati pa kuegemea, ziko pedi za kufunga kwa mkanda. Mbao ya walnati ni nzuri kwa macho, ila kwa theluji na mvua za Idaho hunywa maji na kuvimba, ikagusa mtutu. Pitisha noti ya dola kati ya mtutu na kitako: ikikwama, hapo pana mguso, na risasi zitahama na hali ya hewa. Kitako cha faiba ya kioo hakina habari hiyo. Na huyo mume mwambie anunue chake.

Nimekaza darubini kwa nguvu zangu zote, bado shabaha inahama kila wiki. (Fundi magari, Dallas)

Nguvu zako zote ndizo tatizo, fundi. Skrubu za vifuniko vya pete zinazoishika darubini hukazwa paundi-inchi 15 hadi 18 tu, hicho ni kipimo cha nguvu ya kukaza. Ukizidisha unaibonyeza bomba la darubini na vioo vya ndani havisogei inavyotakiwa. Nunua bisibisi yenye kipimo cha kukaza.

Vua kila kitu. Futa mafuta kwenye matundu na skrubu kwa spiriti. Reli, yaani kile chuma chenye mifuo kinachofungwa juu ya resiva, ikae kwanza, na gundi ya bluu ya kuzuia skrubu zisilegee, kidogo kwenye nyuzi zake. Kwenye pete usiweke. Ukipachika pete kwenye reli, zisukume mbele, kuelekea mdomo wa mtutu, zikiwa zimeegemea ukuta wa mfuo wa reli, ndipo ukaze. Bunduki ikirudi nyuma darubini hutaka kubaki mbele, kwa hiyo mpe ukuta wa kuegemea tangu mwanzo. Kaza vifuniko kwa kupokezana kama unavyokaza nati za tairi, nafasi ya kila upande iwe sawa. Mwisho, chora mstari mwembamba wa rangi ya kucha juu ya skrubu hadi kwenye pete. Mstari ukikatika, umejua kilichosogea.

Kagua pia kama vitu vyako ni vya familia moja. Reli ziko za aina mbili: mfuo wa reli ya Picatinny una upana wa milimita 5.23, wa Weaver 4.57. Pete za Weaver huingia kwenye Picatinny, kinyume chake hapana. Na bomba la milimita 30 halikai kwenye pete za inchi moja, japo kuna wanaojaribu na mpira wa baiskeli.

Triga iwe nyepesi kiasi gani?

Kwa kuwinda, paundi 2.5 hadi 3 za nguvu ya kuivuta. Ukiwa na glavu kwenye baridi, chini ya hapo hujui imefyatuka lini. Baada ya kuifunga, bunduki ikiwa tupu, jaza springi na uifunge bolti kwa kishindo mara kadhaa. Ikijifyatua hata mara moja, irudishe kwa fundi.

Breki ya mdomo wa mtutu, ndiyo au hapana?

Breki hiyo, kipande chenye matundu kinachofungwa mwisho wa mtutu, inapunguza teke kweli. Inaongeza mshindo kwa aliye pembeni yako, naye hatakualika tena. Anza na kitako kinachokufaa na mpira wa bega. Kipunguza sauti ni jambo jingine: kwa sheria ya mwaka 1934 lazima kisajiliwe, kodi yake ya dola 200 imeshuka hadi sifuri tangu Januari 1, 2026, lakini usajili umebaki palepale, na majimbo kama California na New York hayakiruhusu.

Nikiikamilisha, naweza kwenda nayo nyumbani likizo?

Kenya imefunga uwindaji tangu 1977, kwa hiyo huko iache. Tanzania inawezekana kupitia kampuni ya uwindaji na vibali vya silaha vinavyoshughulikiwa mapema, kabla hujakata tiketi. Kabla ya kuondoka Marekani, pitisha bunduki kwa maofisa wa forodha wakugongee fomu 4457, iwe ushahidi kwamba uliondoka nayo. Na kama unamfikiria nyati, hiyo 6.5 yako haimhusu: kwa wanyama wakali Tanzania hudai kuanzia kaliba .375.