Kuhusu mtoto mwenye homa za mchana ambaye hatoki jasho

Dada yangu, umeeleza kwamba mwanao wa miezi 14 hupata homa kila jua linapokuwa kali, kwamba vipimo vya malaria hutoka hasi, na kwamba hujawahi kuona jasho usoni pake hata anaponyonya. Hilo la mwisho ndilo lililonifanya niandike, kwa kuwa nimelipitia hapa Tabora na mwanangu wa kiume, ambaye sasa ana miaka 9.

Kabla hajatimiza mwaka alikuwa amepewa dawa za malaria mara nne, na mara tatu kati ya hizo kipimo kilikuwa hasi. Mwezi wa Oktoba, mvua zikiwa bado, ngozi yake ilikuwa kavu na ya moto kama chungu kilichoepuliwa sasa hivi, lakini jioni upepo ulipoanza kuvuma homa iliisha yenyewe. Meno yalichelewa, yakaota machache yenye ncha, na nywele zilikuwa nyepesi sana. Daktari wa ngozi ndiye aliyeyaunganisha mambo hayo matatu, akasema ni kasoro ya kurithi inayozuia tezi za jasho, meno na nywele kujengeka sawasawa, kisha akaniomba mimi mama nigeuke, akanipaka iodini mgongoni, akaninyunyizia unga wa wanga na kunikalisha kwenye joto. Palipotoka jasho unga uligeuka buluu iliyokoza karibu na nyeusi. Pasipotoka pakabaki michirizi mitupu. Nilikuwa nimebeba kasoro hiyo maisha yangu yote bila kujua.

Binadamu ana tezi za jasho kati ya milioni 2 na 4, na zote hujengeka mtoto akiwa bado tumboni mwa mama. Baada ya kuzaliwa haziongezeki. Lita moja ya jasho ikikauka juu ya ngozi huondoa takriban kilokalori 580 za joto, na asiye na tezi hizo hana njia hiyo ya kupoa. Mwanasayansi Mwingereza Charles Darwin aliandika mwaka 1875 juu ya familia moja ya Sindh, eneo ambalo leo liko Pakistan, ambamo wanaume kumi, katika vizazi vinne, walikuwa na meno machache na ngozi iliyowatesa kwa ukavu wakati wa joto. Jeni (chembe ya urithi) ambayo ikiwa na hitilafu huleta kasoro hii, iitwayo EDA, ilitambuliwa mwaka 1996. Iko kwenye kromosomu ya X, ambayo mwanamke anazo mbili na mwanamume anayo moja tu, ndiyo maana mama huibeba na watoto wa kiume ndio huumia zaidi. Mwaka 2018 madaktari wa Erlangen, Ujerumani, walieleza jinsi walivyoingiza protini ambayo hukosekana kwa hitilafu ya jeni hiyo ndani ya maji ya uzazi ya mama mwenye mimba ya mapacha, na watoto hao wakazaliwa wakiwa na uwezo wa kutoka jasho. Kwa mwanangu aliyekwisha kuzaliwa habari hiyo imechelewa, lakini nilipoisoma nililia kwa furaha.

Usiache kumpima malaria kila anapopata homa, maana kukosa jasho hakumkingi na mbu. Wakati huohuo mvue nguo, mfunike kanga iliyolowa na umpepee, kwa sababu maji yanayokauka juu ya ngozi hufanya kazi ileile ya jasho, ilhali parasetamo haishushi homa iliyoletwa na joto la nje. Mwombe daktari aangalie meno yake, naye akupime wewe pia mgongoni. Mwanangu huenda shuleni na chupa mbili za maji, moja ya kunywa na nyingine ya kulowesha shati, na mwalimu wake amemruhusu kukaa chini ya mwembe wenzake wanapokimbia.