Maswali ya Lugha: "Hu-" ya Mazoea

SWALI: Mwanafunzi wangu wa darasa la sita ameandika "Wewe hujibu maswali." Nikaona amekanusha. Mwalimu mwenzangu anasema ameeleza mazoea. Nani kakosea? (Mwalimu, Tanga)

JIBU: Hakuna aliyekosea kati yenu, sentensi yenyewe ndiyo ina maana mbili zinazopingana. Kiswahili kina "hu-" mbili zinazofanana kabisa. Moja ni ya mazoea, na haibebi nafsi wala wakati: mimi husoma, ninyi husoma, wao husoma. Nyingine ni ya kukanusha nafsi ya pili umoja. Katika vitenzi vya Kibantu irabu ya mwisho hutuokoa: "wewe husoma" ni mazoea, "wewe husomi" ni kukanusha. Vitenzi vilivyotoka Kiarabu havibadili irabu hiyo. Jibu, rudi, safiri, sahau na fikiri hubaki vilivyo, na matamshi hayasaidii, kwa sababu mkazo unakaa palepale, silabi ya pili kutoka mwisho. Kwa vitenzi hivi mwelekeze mwanafunzi atumie "huwa" na kuirudisha nafsi katika kitenzi cha pili: "Wewe huwa unajibu maswali." Akitaka kukanusha: "Wewe huwa hujibu maswali."

Mwangalie pia katika vitenzi vya silabi moja. Hu- ya mazoea haichukui "ku": twasema hula, hunywa, huja. Anayeandika "Wewe hukula mchana" akikusudia mazoea amesema kwamba hukula, yaani mchana ulipita na njaa. Na "hukupa" ina mtego wa aina yake: "Mama hukupa maziwa" ni desturi ya mama kukupa wewe, na "ku" hapo ni wewe unayepewa, si ya ukanushi.

SWALI: Mtoto wetu amekulia huku na anasema "Mimi sihuli nyama." Tumsahihishe vipi? (Msomaji, Muscat)

JIBU: Mwambieni aseme "Mimi sili nyama." Amefuata mantiki nzuri, ila hu- haina umbo la kukanusha. Kazi hiyo hufanywa na ukanushi wa kawaida wa wakati uliopo, na methali zinauonyesha vizuri. "Haba na haba hujaza kibaba" inakubali, kwa hiyo ina hu-. "Mgaagaa na upwa hali wali mkavu" inakanusha, kwa hiyo ina "hali", ingawa nayo inazungumzia desturi. Akitaka kutia mkazo wa mazoea aseme "Huwa sili nyama." Asiseme "Sijapata kula nyama" kwa maana hiyo, hapo atakuwa amesema haijawahi kuingia kinywani mwake.

SWALI: "Anaendaga", "sijuagi". Je, huu si uvivu wa ulimi? (Msomaji, Mwanza)

JIBU: Si uvivu hata kidogo. Kiambishi hiki cha mwisho, "-ga", kimo katika lugha nyingi za Kibantu za bara, Kisukuma kikiwemo, na wazungumzaji wamekileta katika Kiswahili chao. Kenya utasikia "anakujanga". Katika Kiswahili cha Kongo utakuta "-ka", kama "anafanyaka". Kinapendwa kwa sababu kinaziba pengo la hu-: kinaiacha nafsi mahali pake, kinakubali ukanushi ("siendagi"), na kinakubali wakati uliopita ("nilikuwa naendaga"). Katika mtihani na barua ya ofisi kitahesabiwa kosa, kwani hakimo katika Kiswahili sanifu. Katika mazungumzo ya wahusika wa hadithi kiache. Ukikifuta, unawanyang'anya sauti yao.

Kwa mazoea yaliyopita, njia sanifu ni kitenzi kisaidizi na -ki-: "Babu alikuwa akienda shamba kila alfajiri." "Alikuwa huenda" si kosa, ila siku hizi huonekana kwa nadra.

SWALI: Kwa nini "huenda" maana yake pia ni "labda"? (Msomaji, Nakuru)

JIBU: Tazama kinachofuata. Kikifuata mahali, ni mazoea: "Huenda sokoni Jumamosi." Kikifuata kitenzi kingine, mara nyingi chenye -ka-, ni dhana: "Huenda akaja kesho." Ukitaka vyote viwili, andika "Huenda huwa anakwenda sokoni." Ukiandika "huenda huenda", msomaji atadhani mchapaji amerudia neno.