Kazi ya farasi bila kuwapanda

Umeuliza binti yako anayetaka kazi ya farasi bila kuwapanda achague kozi gani: ajaze udaktari wa mifugo, si sayansi ya wanyama. Zote mbili zinafundishwa Chuo Kikuu cha Egerton hapo Njoro, ndiyo maana watu huzichanganya kwenye fomu za KUCCPS, zile za kuomba nafasi ya chuo. Ya kwanza ni miaka 5, na akimaliza anasajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo, anaruhusiwa kutibu na kupasua. Ya pili ni miaka 4: lishe, uzalishaji, usimamizi wa zizi. Ni kozi nzuri, lakini sindano ya farasi wa mtu hataigusa kihalali kwa cheti hicho. Kama binti yako anapenda kazi ya kutunza kwato tu, hiyo haihitaji digrii, ni ufundi wa kujifunza kwa fundi.

Nasema hivi kwa sababu mimi hutibu mifugo huku Molo. Farasi ni wachache, wengi wako upande wa Nairobi, kwenye mashindano ya Ngong na mazizi ya Karen. Kwa hiyo ajue ng'ombe ndio watakaomlisha kwanza. Punda nao asiwadharau: ni jamii moja na farasi, na msokoto wa tumbo unawasumbua vilevile.