Takwimu mbili za vifo, virusi vilevile

Swali: Janga la UVIKO-19 lilipoanza nilisoma kwamba ugonjwa unaua watu zaidi ya 3 katika kila 100, baadaye nikasoma kwamba hawafiki hata 1. Ukweli ulikuwa upi?

Jibu: Ndugu msomaji, takwimu zote mbili zingeweza kuwa sahihi, kwa kuwa kila moja ina asili yake, yaani ile namba ya chini ya sehemu. Ya kwanza hugawanya vifo kwa wagonjwa waliothibitishwa, na ya pili kwa wote walioambukizwa, wakiwamo ambao hawakuugua wala kupimwa. Shirika la Afya Duniani lilipotaja asilimia 3.4 mwanzoni mwa Machi 2020, lilizungumzia wagonjwa walioripotiwa, na siku zile vipimo vilikuwa haba, hivyo aliyepimwa mara nyingi ni yule aliyefika hospitali akiwa amezidiwa.

Idadi ya walioambukizwa hukadiriwa kwa kutafuta kingamwili, yaani protini ambazo mwili hutengeneza kupambana na virusi, katika damu ya watu waliochaguliwa kwa bahati nasibu. Mara chache sana hutokea kundi karibu zima likapimwa, kama ilivyokuwa kwa meli ya Diamond Princess iliyowekwa karantini Yokohama mwezi Februari 2020: kati ya watu wapatao 3,700, waliokutwa na virusi walikuwa 712, na takriban nusu yao hawakuwa na dalili yoyote walipopimwa. Hata hivyo abiria wengi walikuwa wazee, kwa hiyo uwiano wa vifo melini haufai kuhamishiwa kwa taifa la vijana pasipo kuzingatia umri.

Kosa ninaloliogopa zaidi, kwa sababu huwatuliza watu wakati wa hatari, ni la muda. Tuseme wagonjwa ni 1,000: 20 wamefariki, 300 wamepona, na 680 bado wako wodini. Ukigawanya 20 kwa 1,000 utapata asilimia 2, lakini utakuwa umewahesabu wale 680 kana kwamba wote wamekwisha kupona. Ukigawanya kwa 320 ambao hatima yao inajulikana, utapata asilimia 6.25, nayo huenda ikazidi ukweli iwapo wanaofariki hufariki upesi kuliko wengine wanavyoruhusiwa kwenda nyumbani. Kosa lile la kwanza, la kuwahesabu walio wodini kana kwamba wamepona, lilionekana kwa SARS, ugonjwa mkali wa mapafu uliosababishwa na virusi, mwaka 2003: makadirio ya awali yalikuwa takriban asilimia 4, lakini mlipuko ulipokwisha, kati ya wagonjwa 8,096 walikuwa wamefariki 774, karibu asilimia 10.

Vifo vyenyewe pia huponyoka hesabu. Kwa miaka ya 2020 na 2021 viliripotiwa vifo milioni 5.4 vya UVIKO-19, ilhali Shirika la Afya Duniani lilikadiria vifo vya ziada, kulinganisha na miaka ya kawaida, kuwa milioni 14.9. Idadi hiyo inajumuisha pia waliokufa kwa maradhi mengine baada ya hospitali kuelemewa, kwa hiyo hupima uzito wa janga zima, si ukali wa virusi peke yake.