Unasoma Barua ya Mwenzako

Barua za safari hii zimekuja nyingi, na karibu zote zina kilio kimoja: mtu anaumizwa, na anayemuumiza ameshika Biblia mkononi. Nimefundisha Biblia kanisani kwa miaka mingi. Ni kitabu ninachokipenda, ndiyo maana barua hizi zimenikosesha usingizi. Nimechagua saba.

Shikamoo Mwalimu. Mume wangu ni mzee wa kanisa. Akinipiga husema Waefeso 5:22 inaniagiza nimtii, na kwamba nikimshtaki nitakuwa nimeliaibisha kanisa. Nifanyeje? (Mama wa watoto watatu, Morogoro)

Marahaba, mwanangu. Kabla ya andiko, usalama wako. Akiinua mkono tena toka na watoto, nenda kwa mtu unayemwamini, kisha kituo cha polisi ukaulizie Dawati la Jinsia na Watoto. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inakataza mtu kumpa mwenzi wake adhabu ya viboko au kipigo. Na kanisa haliaibiki kwa kuwa umeshtaki. Liliaibika siku aliyokupiga.

Sasa tuje kwenye andiko. Zamani kidogo mama mmoja aliniletea Biblia ya nyumbani kwao tusome pamoja. Ilifunguka yenyewe kwenye Waefeso 5. Mstari wa 22 ulikuwa umepigiwa kalamu nyekundu, ikarudiwa na kurudiwa, mpaka karatasi ikachanika. Kuanzia wa 25 hadi mwisho wa sura hapakuwa na alama hata moja, karatasi safi kama ilivyotoka dukani. Nilikaa kimya muda mrefu nikiutazama ukurasa ule. Mume wa mama yule alikuwa akisoma barua ya mkewe kila siku, na ya kwake hakuwahi kuifungua.

Maana Paulo anasema na wake kwa mistari mitatu tu, halafu anawageukia waume na kukaa nao mpaka sura inaisha: "Enyi waume, wapendeni wake zenu, kama Kristo naye alivyolipenda Kanisa, akajitoa kwa ajili yake." Kristo hakulipiga Kanisa. Aliyepigwa ni yeye. Na katika barua zote za Paulo hutakuta mahali anapomwambia mume, mtiishe mkeo. Neno la mstari wa 22 ameambiwa mke, alipokee kwa hiari yake mbele za Mungu. Mume akilichukua na kuligeuza fimbo, ameshika kitu ambacho hakupewa. Cha kwake anacho, nacho ni kizito kuliko chako: apende mpaka kujitoa. Aanzie hapo.

Kaka yetu ana nyumba ndogo, na wifi anakonda kwa mawazo. Tukimsema anatujibu kwa Yohana 8, "asiye na dhambi na awe wa kwanza kutupa jiwe". Tunanyamaza. (Dada yake, Arusha)

Msinyamaze. Isomeni sura hiyo pamoja naye mpaka mstari wa 11, ambako Yesu anamwambia yule mwanamke, "Enenda zako, wala tangu sasa usitende dhambi tena." Kaka yenu anachukua msamaha na kuiacha safari ya kurudi nyumbani.

Kuna jambo jingine linaloniuma katika kisa kile. Waliomleta mwanamke yule kwa Yesu walisema amefumaniwa akizini, katika tendo lenyewe. Basi mwanamume alikuwa wapi? Torati, katika Walawi 20:10, inawataja wote wawili. Mmoja akaburutwa mbele ya watu, mwenzake akaenda zake. Kaka yenu anajiweka mahali pa yule mwanamke aliyezungukwa na mawe, lakini nafasi yake ni ya yule mwanamume ambaye hakuletwa. Anayebeba aibu na kutazamwa na majirani ni wifi yenu. Kaeni upande wake.

Je, "mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lako" (1 Timotheo 5:23) inaniruhusu bia mbili tatu kila jioni? (Msomaji, Moshi)

Timotheo alikuwa mgonjwa wa mara kwa mara, na alikuwa akinywa maji tu. Paulo alimpa ushauri wa tiba. Bia zako za jioni zijadili kwa jina lake, pamoja na mkeo na mfuko wako, Timotheo hahusiki.

Mama mmoja kwenye kamati ya ujenzi aliuliza fedha za mabati ziko wapi. Jumapili mchungaji akasoma "Msiwaguse masihi wangu", akasema kati yetu kuna watu wenye roho ya Kora. Tangu siku hiyo watu hawamsalimii yule mama. Nami naogopa kumsalimia. (Kijana wa kwaya, Mbeya)

Kijana wangu, kamsalimie. Leo hii, kabla hujamaliza kusoma yaliyobaki.

Maneno hayo yako katika Zaburi 105:15, na masihi maana yake ni wapakwa mafuta. Anza kusoma mstari wa 12 uone wanaosemwa ni akina nani. Ni Ibrahimu, Isaka na Yakobo, walipokuwa watu wachache, wageni, wakihama kutoka taifa hadi taifa bila ardhi ya kwao. Na wanaoonywa ni wafalme. Ni neno la kumlinda mnyonge asionewe na mwenye nguvu. Leo mwenye kipaza sauti, madhabahu na kusanyiko zima nyuma yake analitumia kumnyamazisha mama mmoja aliyeuliza habari za mabati. Andiko limepinduliwa kichwa chini miguu juu.

Na Kora, yule aliyemwasi Musa? Habari yake iko katika Hesabu 16, na ningetamani kila mwenye kuitaja aisome yote. Kora hakuuliza habari za fedha. Alitaka cheo. Na Musa, katika sura hiyo hiyo, anasema mwenyewe kwamba hakutwaa hata punda mmoja wa watu wale. Samweli naye, alipozeeka, alisimama mbele ya Israeli yote akauliza: nimetwaa ng'ombe wa nani? Nimetwaa punda wa nani? Mwenye dai na aseme. Paulo alipochangisha kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu hakubeba fedha peke yake. Alimtuma Tito na ndugu wengine, mtu asije akamlaumu (2 Wakorintho 8:20). Wapakwa mafuta wa kweli walitoa hesabu, Samweli hata kabla ya mtu kuidai.

Ni kweli pia kwamba wachungaji husingiziwa, nami nimeona. Ndiyo maana 1 Timotheo 5:19 inataka mashahidi wawili au watatu kabla ya kupokea mashitaka juu ya mzee. Lakini mstari unaofuata unasema wale wadumuo katika dhambi wakemewe mbele ya wote. Yule mama hakushitaki hata kidogo, aliuliza. Risiti za duka la mabati na taarifa ya benki zingemjibu kwa dakika tano.

Nafanya kazi za ndani kwa mama mlokole. Mwezi wa nne huu hajanilipa 80,000 zangu. Kwenye ibada ya asubuhi ananisomea "ninyi watumwa, watiini". Nikidai anasema nina roho ya fedha. (Dada wa kazi, Dar es Salaam)

Pole sana, binti yangu. Anakusomea Wakolosai 3:22. Walioigawa Biblia kwa sura waliikata mahali pabaya, maana maneno yanayomhusu bosi wako yameangukia mwanzo wa sura ya nne: mabwana wawape watumwa yaliyo haki na ya adili, wakijua kwamba nao wana Bwana mbinguni. Anafunga kitabu sentensi chache kabla ya kufikia zamu yake.

Hajaanza yeye. Mwaka 1807 ilichapishwa London Biblia ya kufundishia watumwa katika makoloni ya Uingereza huko Karibi. Habari za Israeli kutoka utumwani Misri ziliondolewa. Wagalatia 3:28, kwamba katika Kristo hakuna mtumwa wala huru, ikaondolewa. Waefeso 6:5, watumwa watiini, ikaachwa. Waliikata kwa mkasi kwa sababu waliijua: mtumwa akiisoma nzima, atasimama wima.

Wewe si mtumwa, ni mfanyakazi, na sheria za kazi zinakuhusu. Andika tarehe uliyoanza, kiasi mlichopatana, na miezi ambayo hujalipwa. Mpelekee kwa adabu mbele ya mtu mzima anayemheshimu. Akikataa, nenda kwa afisa kazi au CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Ofisi ya serikali ya mtaa watakuelekeza. Na asubuhi akikuomba usome wewe, soma Yakobo 5:4, kuhusu ujira uliozuiliwa ambao unapiga kelele mpaka unafika masikioni mwa Bwana.

Mama yangu ana kisukari. Kwenye maombi ameambiwa aache sindano, kwa kuwa "kwa kupigwa kwake sisi tumepona". Siku ya pili leo hajachoma. (Kijana, Mombasa)

Mpeleke hospitali sasa, uendelee kusoma ukiwa njiani. Anayetegemea insulini akiacha, mwili unaweza kuvurugika kwa muda mfupi sana, wakati mwingine ndani ya siku moja au mbili.

Maneno hayo ni ya Isaya 53. Mwambie mama kwamba ni Isaya huyo huyo aliyeagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu la mfalme Hezekia, baada ya Mungu kuwa amekwisha kuahidi kumponya (2 Wafalme 20:7). Ahadi ilikuwepo, na dawa ikapakwa. Nabii hakuona ugomvi kati ya hivyo viwili. Luka, ambaye injili yake tunaisoma kila Krismasi, alikuwa tabibu.

Ninyi wa pwani hamhitaji kuelezwa tunakofikishwa na andiko lililokatwa. Shakahola haiko mbali na kwenu. Mwaka 2023 zaidi ya miili 400 ilifukuliwa katika msitu ule, watu walioambiwa kwamba kwa kufunga mpaka kufa watamwona Yesu. Watoto walikuwemo. Yesu mwenyewe aliwekwa juu ya kinara cha hekalu akasomewa Zaburi 91 ili ajitupe, na aliyekuwa anasoma alikuwa Ibilisi, tena aliruka maneno "katika njia zako zote". Yesu hakusema zaburi ni ya uongo. Alisema, "Tena imeandikwa." Anayekuletea mstari mmoja unaodai uhai wa mama yako, mjibu hivyo hivyo, ukiwa umemshika mama mkono mnaelekea kwa daktari.

Mwalimu, nina miaka 71. Mwanangu ana kazi nzuri mjini, na kanisani kwake anasifiwa kwa kutoa. Huu mwaka wa tatu hajanitumia kitu. Mvua ikinyesha nahamisha kitanda. Nikimpigia ananisomea "apendaye baba au mama kuliko mimi, hanistahili". Labda ni mimi ninayemzuia kwa Mungu? (Mama, Kilosa)

Shikamoo Mama. Hapana, humzuii.

Jambo la mwanao Yesu alilikuta na akalitaja kwa jina. Katika Marko 7 wapo watu waliowaambia wazazi wao, kile ambacho kingekufaa ni Korbani, yaani kimewekwa wakfu kwa Mungu, kisha wasiwafanyie tena neno lolote. Walikuwa watoaji wazuri, na walikuwa na andiko. Yesu akawaambia wanalitangua neno la Mungu kwa mapokeo yao. Sadaka iliyopita juu ya kichwa cha mama kinacholowa aliikataa wazi, mchana kweupe.

Mwanao amekusomea Mathayo 10:37. Aliyesema maneno hayo ndiye aliyekuwa msalabani, misumari mikononi, anashindwa hata kuvuta pumzi, akamtafuta mama yake kwa macho katikati ya watu. Alimkabidhi kwa mwanafunzi wake, na tangu saa ile mwanafunzi akamchukua nyumbani kwake. Alihakikisha mama yake ana pa kulala kabla hajakata roho.

Mpe mtu akusomee barua hii, kisha umpigie mwanao naye asomewe. Hata kama ana zaka ya mwezi huu mkononi, akahesabu kwanza bati ngapi zinatosha juu ya kitanda chako.