Ujerumani si kijiji: majibu kwa watafutaji wa nasaba

Barua za safari hii zimetoka zaidi kwa wasomaji waliooa au kuolewa Marekani katika koo zenye asili ya Kijerumani, na ambao watoto wao sasa wanauliza habari za mababu wa upande wa pili. Nimeziweka kando zinazouliza maana ya jina la ukoo tu, kwa sababu Müller humwambia mtu kwamba babu mmoja alikuwa na kinu cha nafaka, na vinu vilikuwa kila mahali.

Sensa ya 1860 inasema babu mkuu wa mume wangu alizaliwa Hanover, ile ya 1870 inasema Prussia. Ipi ni ya kweli, na niandikie ofisi gani Ujerumani kuomba cheti chake cha kuzaliwa? — Mama Wawili, Wisconsin

Zote mbili ni za kweli. Mwaka 1866 Prussia iliumeza ufalme wa Hannover, pamoja na Nassau na Hessen-Kassel, kwa hiyo mtu wa Hannover aliweza kuhesabiwa kuwa wa Prussia miaka minne baadaye bila kuinuka kitini kwake huko Wisconsin. Ama hiyo ofisi, haipo. Dola ya Ujerumani iliundwa mwaka 1871; kabla yake zilikuwa falme na nchi ndogo ndogo, Prussia ikiwa moja ya falme hizo. Uandikishaji wa kiserikali wa vizazi, ndoa na vifo ulianza Prussia tarehe 1 Oktoba 1874 na katika dola nzima tarehe 1 Januari 1876, ukiacha sehemu kama ukingo wa kushoto wa mto Rhine, ambako Wafaransa waliuanzisha mwaka 1798. Kabla ya hapo aliyeandika ni mchungaji au padri, katika kitabu cha kanisa la pale pale kijijini.

Nimelisema hili hadi nimechoka kujisikia: pasipo jina la kijiji, kuandikia Ujerumani ni kupiga ramli. Na kijiji hakianzi kutafutwa Ujerumani, bali kule alikozikwa babu. Anza na vitabu vya usharika wake wa Kilutheri au parokia yake huko Wisconsin, kwa maana wachungaji waliotoka Ujerumani mara nyingi waliandika mahali pa kuzaliwa walipomzika mtu au kufungisha ndoa yake, jambo ambalo karani wa sensa hakulijali. Tazama jiwe la kaburi, kisha tangazo la kifo katika gazeti la Kijerumani la mji ule. Hati za uraia za kabla ya 1906 usizitegemee sana, kwani nyingi hutaja tu mfalme ambaye mtu aliukana utii wake. Ukikosa kote huko, wafuate wadhamini wa ubatizo wa watoto wake na majirani wa shamba lake, kwa kuwa watu wa kijiji kimoja walizoea kufuatana ng'ambo, na huenda jirani ameandikwa vizuri pale babu alipoandikwa ovyo. Hata ukilipata jina, usishangilie mapema: Neustadt na Neuenkirchen ziko nyingi, na kamusi ya mahali ya Meyer ya mwaka 1912 itakuonyesha jinsi zilivyo nyingi.

Babu yetu aliingia New York mwaka 1869. Ni kweli kwamba maofisa wa Ellis Island ndio waliobadilisha jina letu? — Msomaji, Minneapolis

Si kweli. Maofisa walifuata orodha zilizokwisha kuandikwa na kampuni za meli, na kituo chenyewe cha kupokelea wahamiaji kilifunguliwa mwaka 1892. Jina pengine alilibadilisha babu mwenyewe.

Familia inasema walipanda meli Bremen mwaka 1857. Nimelipia tovuti mbili, na zote hazina orodha hiyo. — Msomaji, Texas

Wala hutaipata kwenye ya tatu. Bremen ilikuwa ikizitupa orodha za zamani kwa kukosa nafasi, na karibu zote zilizosalia ziliangamia katika Vita vya Pili vya Dunia, isipokuwa baadhi za miaka 1920 hadi 1939. Hamburg ndiyo iliyotunza zake, kuanzia 1850 hadi 1934, na humo mara nyingi mmeandikwa mahali abiria alikoishi mwisho. Kwa watu wako, tafuta orodha ya bandari waliyoshukia, kisha ugeukie hati za ruhusa ya kuhama. Huko Württemberg, ufalme wa kusini mwa Ujerumani, kwa mfano, aliyeondoka kwa utaratibu aliukana uraia wake na kuonyesha kwamba hadaiwi, na jalada likabaki. Aliyetoroka jeshi au madeni hana jalada la ruhusa, lakini huenda alitangazwa gazetini kwamba anatafutwa, na hapo mkimbizi humfaa mtafiti kuliko mwadilifu.

Nina picha ya ukurasa wa kitabu cha familia cha kanisa kutoka Württemberg. Wavulana wanne wote ni Johann, wawili kati yao Johann Georg; mama ni Schmidin ilhali baba yake ni Schmid; mtoto mmoja amezaliwa "7ber". Je, mchungaji alikuwa mlevi? — Msomaji, Stuttgart

Alikuwa na akili timamu kuliko wengi wanaonakili kazi yake. Johann lilikuwa jina la kutangulia tu. Mtoto aliitwa kwa jina la pili, Georg au Jakob au Michael. Kwa wale Johann Georg wawili, angalia kama yupo msalaba mdogo kando ya yule wa kwanza, kwani mtoto akifa jina lake lilirithiwa na mdogo wake. Kiishio cha -in ni alama ya mwanamke. Na 7ber si Julai hata kidogo: ni Septemba, kwa hesabu ya Kilatini, kama 8ber ilivyo Oktoba na Xber Desemba.

Mwandiko wa zamani wa Kijerumani nao una mitego. Herufi e hufanana na n, u hutambulika kwa kikombe kidogo juu yake, na s iliyo katikati ya neno huonekana kama f. Tafuta katika ukurasa huo jina unalolijua tayari, ulifanye ufunguo wa mkono wa mchungaji huyo, maana kila mkono una mazoea yake. Kisha soma safu zote. Mimi niliwahi kupoteza wiki mbili nikitafuta kifo cha kijana mmoja katika kitabu cha namna hiyo, kumbe safu ya vifo ilikuwa na maneno mawili kwa wino uliofifia, nami niliyapita kwa sababu hayakuwa tarehe: *nach Amerika*, yaani amekwenda Marekani.

Nimepata mti wa ukoo mtandaoni unaotufikisha kwa mfalme Karolo Mkuu. Unatosha? — Msomaji, Nairobi

Unatosha kwa mazungumzo ya harusini. Vitabu vya kanisa vya vijiji vingi vinaanzia baada ya Vita vya Miaka Thelathini, vilivyokwisha mwaka 1648, na Karolo Mkuu alikufa zaidi ya miaka mia nane kabla ya hapo.

Shikamoo Mzee. Bibi yangu alizaliwa karibu na Lushoto mwaka 1911, baba yake akiwa mlowezi Mjerumani. Tuna jina la ukoo tu, na wakala mmoja anataka fedha atupatie pasipoti. — Mjukuu, Tanga

Marahaba, mwanangu. Wakala usimpe hata senti, kwa sababu jina la babu peke yake halimpi mtu uraia. Mlowezi naye ni mhamiaji, kwa hiyo anzia alikoishi. Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, zina majalada ya serikali ya Kijerumani, yakiwemo ya ardhi, na yale ya ofisi ya makoloni yako Bundesarchiv, yaani nyaraka za taifa za Ujerumani, Berlin. Kama bibi alibatizwa, ulizia vitabu vya sharika za Usambara zilizotokana na misheni ya Bethel, iliyofika huko miaka ya 1890. Jiandae kukuta jina la mama peke yake, maana baba wa namna hiyo mara nyingi aliachwa nje ya daftari. Ukiruhusiwa kupiga picha, piga ukurasa mzima na si mstari wa bibi tu, kwa kuwa wadhamini huandikwa safu ya pembeni.