Ndege "iliyoweza" kudunguliwa

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nilikuwa nikiwasimulia wenzangu habari za rubani wa Marekani katika vita vya Bosnia mwaka 1995. Nikaandika: "Ndege yake iliweza kudunguliwa, akaweza kujificha msituni siku 6, kisha akaweza kuokolewa na helikopta." Mmoja akanirekebisha, eti ni "kwa helikopta". Nani yuko sahihi? – Msomaji, Umoja, Nairobi.

JIBU: Marahaba. Huyo mwenzako ana macho ya ajabu. Ameona "na" moja mwishoni, akaziruka "kuweza" tatu zilizopanga foleni mbele yake.

"Iliweza kudunguliwa"! Jamani. Scott O'Grady alikuwa angani ndani ya F-16 tarehe 2 Juni, kombora likaipiga ndege yake. Ndege hiyo iliweza nini? Ilijitahidi? Ilifanya mazoezi? Kuweza ni kuwa na nguvu, ujuzi au nafasi ya kutenda jambo. Kwa sentensi yako, F-16 imefaulu kama mtahiniwa aliyepata A, nasi tuipigie vigelegele. Ukishikilia lazima pawe na aliyeweza, basi ni yule aliyelifyatua kombora.

Najua hukuanza wewe. Umeambukizwa na studio zetu. Yupo mtangazaji, kituo sikitaji, aliyetuarifu asubuhi kwamba abiria watatu "waliweza kufariki papo hapo". Sikujua kama anatoa pole au pongezi. Mbunge akilazwa, nako tunaambiwa "ameweza kuugua". Wazee wa Pwani, ambao kwao kusema fulani "hawezi" ni kusema anaumwa, hubaki wameduwaa: huyu mheshimiwa anaweza au hawezi?

"Akaweza kujificha" naipitisha bila ubishi. Mtu aliyekula majani na sisimizi, akanywa maji ya mvua huku askari wa Waserbia wakimsaka, ameweza kwelikweli. "Akaweza kuokolewa" ni ya nusu. Yeye aliita kwa redio, na tarehe 8 akaikimbilia helikopta. Kazi kubwa ilikuwa ya Marine, askari wa majini wa Marekani, waliokuja na helikopta za kubebea watu, huku helikopta za mashambulizi aina ya Cobra zikiwalinda.

Ukitaka tukio linalostahili neno hilo, nenda ngome ya Jugroom, Helmand, Afghanistan, Januari 2007. Wanajeshi wa Uingereza walirudi nyuma wakagundua mwenzao mmoja amebaki. Helikopta ya mashambulizi ya Apache ina viti 2 tu, cha rubani na cha mpiga mizinga, hakuna pa kumweka abiria. Wanajeshi 4 wakajifunga kwa mikanda nje, juu ya vibawa vya pembeni vya Apache 2, wakarudi kwenye risasi kumfuata. Walimkuta ameshakufa, lakini waliweza kumtoa. Hapo "waliweza" imelipiwa. (Helikopta, kwa kupita tu, ni Kigiriki kilichotufikia kwa njia ya Kifaransa: heliko, mzunguko, na pteron, bawa. Wanaoikatia kwenye "heli" wanakosea kiungo.)

Haya, swali lako. Mtenda huja na "na", chombo huja na "kwa": rubani aliokolewa na Marine kwa helikopta. Mwenzako ana kanuni upande wake. Hata hivyo, tunasema mtu amegongwa na gari bila kumtaja dereva, na hakuna anayetukemea, kwa kuwa chombo chenye nguvu zake hupanda cheo kikawa mtenda. Kwa msingi huo "aliokolewa na helikopta" iacheni ipite, nimechoka kuipigania. Nisichokisamehe ni hii ya Nairobi ya "kata mkate na kisu". Kisu nacho nikikatie nini?